Uso Uonekane, Picha Ibaki: Kupiga Picha za Familia kwa Simu

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi waliohudhuria mafunzo ya kupiga picha kwa simu, kisiwani Mombasa. Tunayachapisha kwa faida ya waliokosa nafasi.



Nimeombwa nizungumze juu ya kamera, lakini naanza na msiba. Mtu akifariki, katika nyumba nyingi picha ni kati ya vitu vya kwanza kutafutwa: ya tangazo, ya ratiba ya mazishi, ya kuweka ukutani. Simu zinatolewa. Simu tano, picha maelfu: chakula, risiti, vichekesho vya kutumiwa. Ya marehemu ipo moja. Amekaa nyuma harusini, nusu ya uso imefichwa na bega la mtu. Inakatwa, inakuzwa, inapelekwa saiba kuchapishwa, na sura inayotoka ni ya ukungu. Hakuna wa kumlaumu, na hakuna wa kumrudisha marehemu akae tena vizuri apigwe nyingine.

Nyanya zetu hawakuwa na simu, na bado picha zao zipo. Mtu alivaa nguo yake nzuri akaenda studio, akakalishwa, akageuzwa uso kidogo kuelekea taa, akaambiwa atulie. Mombasa hapa palikuwa na studio ya N. V. Parekh, na Lamu palikuwa na Omar Said Bakor. Kivukoni Likoni nako palikuwa na wapiga picha na vibanda vyao vyenye mandhari ya kuchora. Mpiga picha wa namna hiyo alijua mambo mawili ambayo simu haikutuletea: uso uwekwe wapi penye mwangaza, na picha iishie kwenye karatasi. Simu imetupa kamera, ila haikutupa yule bwana. Kazi yake sasa ni yetu.

Tuanze na mwangaza, kwa sababu hapo ndipo picha nyingi zinapoharibikia.

Kamera haijui kwamba huyo mbele yake ni mama yako. Inachofanya ni kupima mwangaza wa eneo lote linaloonekana, kisha kutafuta wastani, kisiwe cheupe mno wala cheusi mno. Sasa msimamishe mama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa saa saba mchana. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwangaza. Ukuta unatoka vizuri sana. Mama anakuwa kivuli chenye meno. Halafu utasikia watu wakisema, "Mimi ni mweusi, sipendezi kwenye picha." Si kweli, na neno hilo naomba tuliache. Ngozi haina kosa hapo, kipimo ndicho kilichodanganyika.

Jambo hili lina historia yake. Enzi za filamu za rangi, maabara za Marekani na Ulaya zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi nyeusi ilitoka vyovyote ilivyotoka. Kodak walipokuja kutengeneza filamu inayoonyesha vizuri rangi za giza, sehemu ya msukumo ilitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na fanicha za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani sawasawa kwenye matangazo. Kwa hiyo ukiona picha ya zamani ambayo babu ameonekana macho na meno tu, usidhani babu ndivyo alivyokuwa.

Simu za leo ni bora zaidi, nyingi hutambua uso, lakini bado hudanganyika. Dawa yake ni hii. Kabla ya kubonyeza, gusa uso wa mtu pale kwenye kioo cha simu. Umeiambia kamera: pima hapa. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama cha jua. Kitelezeshe kwa kidole kuelekea juu, uso utang'aa. Ukuta wa nyuma ukipauka, na upauke. Hatukuja kupiga picha ya ukuta.

Kinyume chake pia kipo, na huku kwetu kinatokea sana. Akina mama wanne wamekaa pamoja wamevaa mabuibui. Kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwangaza, na nyuso zinatoka nyeupe kama zimepakwa poda. Hapo gusa uso, kisha telezesha kidole kuelekea chini.

Tuje kwenye jua lenyewe. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua liko karibu na utosi. Hutia kivuli chini ya nyusi, na macho yanakuwa mashimo. Ukiweza, piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Lakini sherehe haingoji jua. Ikiwa ni saa saba na lazima upige, ondoa watu juani uwapeleke kivulini. Kivuli kizuri ni cha jengo au baraza. Chini ya mwembe majani hupitisha mwanga wa madoadoa, na utampata shangazi ana duara jeupe kwenye pua. Turubai la buluu nalo hutia watu wote buluu. Walio chini yake wasogeze ukingoni, wageukie nje.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni mlangoni. Mkalishe nyanya kwenye kiti ndani kidogo ya mlango, hatua moja au mbili tu, akitazama nje. Wewe simama nje. Mwangaza wa uani au wa kichochoroni utamwangukia usoni taratibu, na nyuma yake nyumba itakuwa giza tulivu. Hakuna studio itakayokushinda. Kosa la kawaida ni kufanya kinyume: mtu yuko mlangoni, mpiga picha yuko ndani, na mwangaza wote uko nyuma ya mtu.

Na bahari. Familia zikitembelea ufuo wa Mama Ngina, au Nyali, au Bamburi, kila mtu anataka bahari iwe nyuma yake. Kumbukeni pwani yetu jua huchomoza baharini. Asubuhi, ukisimama na bahari nyuma, jua liko mgongoni na uso ni giza. Jioni jua limehamia bara, linakupiga usoni kwa upole, na maji nyuma yako yana rangi. Kwa hiyo, kwetu sisi, picha ya bahari ni ya jioni. Anayeishi Kisumu kando ya ziwa ana hesabu yake nyingine.

Mengine ni mafupi.

Futa lenzi. Simu imekaa mfukoni, imeshikwa na vidole vyenye mafuta ya nazi, imepigwa na upepo wa chumvi. Chukua kitambaa laini cha pamba, hata pindo la leso safi, ufute taratibu. Nimewahi kuona simu iliyokuwa inatafutiwa mnunuzi kwa sababu "kamera imekufa", na ilikuwa uchafu tu.

Usivute picha kwa vidole viwili ili kumleta mtu karibu. Kwenye simu nyingi za bei ya kawaida huo si ukaribu, ni kukata picha na kutupa sehemu yake. Tembea. Ila usimsogelee mtu hadi pua, kwa sababu lenzi ya simu hutazama kwa upana na hukuza kilicho karibu. Pua itakuwa kubwa na masikio yatarudi nyuma. Hatua mbili zinatosha. Kwenye picha ya kundi, walio pembeni kabisa huvutwa wakaonekana wanene. Usimweke bi harusi pembeni, wala nyanya.

Mikono ikitikisika picha inatikisika, hasa jioni na usiku, kwani kamera huacha mlango wake wazi muda mrefu ili ikusanye mwangaza. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko vikiwa mbavuni, au egemea nguzo. Flashi ya simu hufika mita chache tu. Ukiwa nyuma ya ukumbi unamulika jukwaa, unachoangaza ni vichwa vya waliokaa mbele yako. Izime.

Mtoto msimamie kwa urefu wake. Piga magoti, kaa chini, lala ukipenda. Ukimpiga kutoka juu utapata kichwa kikubwa na miguu midogo. Na usimwambie acheke. Mpe kazi, amenye chungwa, amfunge paka kamba. Piga nyingi mfululizo, kisha siku hiyohiyo uchague mbili ufute nyingine. Kundi la watu kumi lipige mara tano au sita, kwa sababu kila mara kuna mmoja aliyefumba macho, na mara nyingi ni yuleyule.

Sasa, ruhusa. Katika shughuli za akina mama, kama kupamba, kuna sababu simu hukatazwa mlangoni, na sababu hiyo iheshimiwe hata na mpwa wa bi harusi. Kuna wazee wasiopenda kupigwa, na kuna dada ambaye leo hajajitanda vizuri. Muulize kwanza. Kuhusu watoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikukatazi kumpiga mwanao picha na kuiweka nyumbani. Matumizi ya kifamilia yameachwa nje. Lakini taasisi na biashara ni habari nyingine. Mwaka wa 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mwenye shule ya chekechea aliyeketi hapa, hilo ni lako. Na mzazi naye ajiulize kabla ya kuweka hadharani picha ya mtoto akioga, au yenye sare na jina la shule vikisomeka.

Nimebakiza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Picha nzuri ikikaa kwenye simu moja, haijahifadhiwa. Simu huibwa kwenye matatu, huanguka ndoo ya maji, huwekewa nywila na mwenyewe akafa nayo.

Wengi husema, "Yangu nimezituma kwenye WhatsApp ya familia." Sikilizeni hesabu. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli kama 4,000 upande mrefu. Ukiituma kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza ili isile bando, na mara nyingi hubaki na kama 1,600. Printa nzuri hutaka pikseli 300 kwa kila inchi. Gawanya: 4,000 inakupa karibu inchi 13, yaani ukurasa wa A4 na ziada. Ile 1,600 inakupa inchi 5 na kidogo. Ya kuweka kwenye albamu itafaa. Ya fremu kubwa ya sebuleni haitatosha. Na picha ya skrini ya picha iliyotumwa mara tatu, ile tusiizungumze. Basi ukimtumia mtu picha ya kuhifadhi, chagua kuituma kama dokumenti, sio kama picha, au bonyeza HD. Hiyo si picha yote kamili, lakini ni afadhali.

Kisha iwe na nakala tatu: ndani ya simu, kwenye flashi diski au kompyuta, na moja mbali na nyumba, kwa sababu moto na mafuriko havichagui kabati. Ya mbali inaweza kuwa mtandaoni. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bure, zikigawanywa na barua pepe zako, na tangu Juni 2021 picha huhesabiwa humo. Kwa picha za megabaiti 3 hizo ni kama 5,000. Ukifuta vichekesho na risiti zitakutosha miaka. Au nakala hiyo iwe flashi ya pili kwa dada yako Voi. Andika nywila mahali ambapo mtu mmoja unayemwamini anapajua.

Na chapisha. Si zote, kumi kwa mwaka. Kila mzee katika familia awe na moja ya peke yake, uso wote, si ya kukatwa kutoka kwenye harusi. Nyuma yake andika kwa penseli laini jina lake kamili, jina la baba yake, mahali na mwaka. Msiandike "shosho" tu. Miaka arobaini ijayo kila mtu atakuwa na shosho. Na mkimpiga mzee, mtoleeni pia zile picha za zamani, muulizeni nani ni nani, mwandike papo hapo. Katika nyumba nyingi amebaki mtu mmoja anayezijua sura zile.

Sasa ni saa kumi na dakika ishirini, jua limeshuka vya kutosha. Tutoke barazani. Kila mmoja achukue picha ya aliyekaa kulia kwake, kwanza akiwa juani, kisha akiwa kivulini akitazama nje, tuzilinganishe. Asiye na simu ya kamera ashirikiane na jirani. Na wale wazee watatu wa mstari wa mbele, tafadhali msiondoke. Kuna printa hapa mezani, na tunaanza na ninyi.