Samaki na Mboga Uani: Hotuba ya Katibu kwa Wanachama wa Ihanda



Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, nimetakiwa nieleze jambo linalozungumzwa sana katika vikao vyetu, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale, ndani ya kitalu nyumba kilichojengwa uani. Wako wanachama wanaoomba Chama kikope fedha, kinunue vitalu vilivyo tayari, kisha deni likatwe katika malipo ya kahawa. Wako wengine wasemao kwamba huo ni mchezo wa watu wa mjini. Kila upande una neno lake la haki. Basi naomba tulipime jambo lenyewe kabla ya kupiga kura.

Kwanza, kazi yenyewe ni hii. Samaki alapo hutoa amonia, nayo ni sumu kwake. Lakini wako bakteria wasioonekana kwa macho, wakaao juu ya changarawe. Wa aina moja hugeuza amonia kuwa nitriti, na wa aina nyingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mmea. Pampu huyapandisha maji kutoka tangi la samaki mpaka kitanda cha changarawe kilichopandwa mboga. Mizizi hufyonza chakula, na maji hurudi tangini yakiwa safi. Wataalamu huiita kazi hii akuaponiki. Wachina wamefuga samaki katika majaruba ya mpunga kwa karne nyingi, na tangu miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin vya Marekani kimeichunguza sana njia hii ya matangi. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu cha kuwaongoza wakulima wadogo.

Sasa yatupasa tuulize: nyumba ya nailoni ina kazi gani hapa kwetu? Mtu wa pwani huijenga ili azuie mvua kubwa na wadudu, maana joto analo. Sisi tunakaa juu ya nyanda za Mbozi, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila mmoja wetu aijua baridi ya Juni na Julai. Perege hukua vema katika maji yenye joto la digrii 27 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hukua polepole. Yakifika 17 huelekea kuacha kula. Na yakikaribia 10 hufa. Bakteria nao hulegea katika baridi. Kwa hiyo kwetu nyumba hii ni blanketi la maji kwanza, ndipo iwe paa la mboga. Ajengaye kwa kufikiria mboga peke yake atapata nyumba nzuri na samaki waliodumaa.

Nyumba ya mita 4 kwa 6 yatosha, kwa nguzo za mkaratusi au mianzi. Upande mrefu uelekee kaskazini, kwa kuwa mwezi wa Juni jua hupita kaskazini mwetu. Ncha za nguzo ziingiazo ardhini zisipakwe oili chafu ya gari, maana oili ikifika majini itaua samaki. Nailoni iwe ile iliyotengenezwa kwa vitalu, yenye kustahimili jua. Pembeni iweze kukunjwa juu, na chini ya kipaa uachwe upenyo wenye wavu, ili hewa ipite siku za joto kabla ya masika.

Lakini nailoni haihifadhi joto usiku kucha. Alfajiri hewa ya ndani huweza kuwa baridi karibu sawa na ya nje. Kinachoshika joto la mchana ni maji. Basi tangi la lita 1,000 liwekwe ndani ya nyumba, juu ya msingi imara, maana maji hayo yana uzito wa tani moja. Lizungushiwe ukuta wa matofali, na nafasi iliyo katikati ijazwe maganda ya kahawa yaliyokauka, ambayo hayatugharimu kitu. Yakilowa yaondolewe. Jioni tangi lifunikwe kwa mbao.

Changarawe iwe na kina cha sentimeta 30. Kabla ya kuitumia, idondoshewe siki: ikitoa mapovu, ni mawe ya chokaa, haifai. Kisha maji yazungushwe wiki nne hadi sita pasipo samaki, yakitiwa chakula kidogo cha samaki kioze humo, mpaka vipimo vionyeshe kwamba bakteria wameenea na amonia na nitriti zimekwisha. Hapo ndipo watiwe vifaranga 20 hadi 25, si zaidi. Vinunuliwe kwa ushauri wa Afisa Uvuvi, wala wasiachwe kutoroka vijitoni, maana Ziwa Rukwa lina perege wake wa asili.

Ziko hatari mbili za kuangaliwa. Ya kwanza ni umeme kukatika. Pampu ikisimama, hewa hupungua majini. Basi pawe na betri ya akiba, au watu wa nyumbani wachote maji kwa ndoo na kuyamimina tena kutoka juu. Ya pili yatuhusu sisi wakulima wa kahawa hasa. Dawa ya kopa tunayonyunyizia chule buni na kutu ya majani ni sumu kali kwa samaki. Bomba la kunyunyizia lisiingie katika nyumba hiyo, wala lisioshwe karibu nayo. Na mwenye kutoka kunyunyizia asitie mkono tangini kabla ya kunawa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Samaki 25 wa gramu 400 ni kilo 10. Wakifikia uzito huo hula kama gramu 150 za chakula kwa siku, na uchafu wao hulisha kama mita 3 za mraba za mchicha au spinachi. Mahali pa joto perege hufikia nusu kilo kwa miezi sita hadi minane. Kwetu tutegemee zaidi. Kilo 10 kwa mavuno ni kitoweo kizuri cha watoto, na mboga za kiangazi ni faida ya kweli, lakini huo si mzigo wa fedha uwezao kulipa deni. Kahawa hutulipa mara moja kwa mwaka, na ndiyo ada ya shule na mbolea ya msimu ujao. Haifai iwekwe rehani kwa ajili ya tangi moja la samaki.

Kwa sababu hiyo naleta pendekezo. Chama kijenge nyumba moja ya majaribio kwa nguzo za wanachama na kazi ya mikono yetu. Liwekwe daftari la kuandika joto la maji asubuhi na jioni, chakula, vifo, mavuno na gharama ya umeme, kuanzia Mei hadi Aprili ifuatayo, ili baridi na mvua zote zipite. Daftari hilo lisomwe mbele ya Mkutano Mkuu, kila tarakimu, hata zile zisizopendeza. Likionyesha faida, kila mwanachama atajenga kwake akijua anachokijenga. Likionyesha hasara, tutakuwa tumepoteza tangi moja, wala si kahawa ya watu wote.

Mwenye haraka ataona mwaka mmoja ni mrefu. Lakini deni lililokosewa huchukua miaka mingi zaidi, na hulipwa na wale ambao hawakuwamo kikaoni.