Kidonge Kimoja, Dawa Mbili Ndani

 

Wiki iliyopita mama mmoja alituuliza: "Mbona muuguzi amenikataza kuchanganya Panadol na kidonge cha mgongo nilichonunua sokoni? Si vyote ni vya maumivu?" Swali hilo ndilo mada yetu ya leo.

Geuza pakiti ya kidonge hicho, usome maandishi madogo. Mara nyingi utakuta majina mawili: tramadoli na parasetamoli, au kodeini na parasetamoli. Parasetamoli ndiyo Panadol yenyewe. Tramadoli na kodeini ni za ukoo mwingine, ukoo wa afyuni, ule ule wa mofini. Zimeunganishwa kwa sababu kila moja hutuliza maumivu kwa njia yake. Wazo si baya. Shida iko kwenye hesabu.

Haya, tuhesabu. Kidonge cha tramadoli na parasetamoli kinachojulikana zaidi kina miligramu 325 za parasetamoli. Ukimeza 2 asubuhi, 2 mchana na 2 usiku, hizo ni 1,950. Kichwa kikiuma unaongeza Panadol za miligramu 500, nazo 2 mara tatu kwa siku: 3,000. Jumla 4,950. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kupita 4,000 kwa saa 24. Aliyekonda kwa kukosa chakula, kama wengi wetu tangu posho ipunguzwe, anapaswa kubaki chini ya hapo. Na ini huumia kimya kimya. Siku ya kwanza unaweza kujisikia mzima kabisa.

Upande wa afyuni nao una hatari yake. Unaleta usingizi, na ukizidi, au ukichanganywa na waragi, pumzi hupungua hadi mtu asiamke tena. Kwa mtoto ni mbaya zaidi. Kodeini ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa mofini, na kuna watu ambao ini lao hugeuza haraka mno. Kwa kumtazama tu mtoto huwezi kujua. Ndiyo maana mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza kodeini na tramadoli kwa maumivu ya watoto walio chini ya miaka 12, ikashauri pia mama anayenyonyesha asizitumie, kwa kuwa hupita kwenye maziwa.

Hapa Uganda dawa husimamiwa na NDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Duka dogo la dawa, kama yale ya sokoni kwetu, linaruhusiwa kuuza dawa za kawaida tu. Tramadoli, iwe peke yake au imeunganishwa, inataka cheti cha daktari. Najua mtaniambia: kituoni tunajibiwa kwamba dawa zimeisha. Ni kweli, na inauma. Lakini muuzaji anayekukatia vidonge vinne kwa mkasi, bila pakiti, amekunyima lile jina ambalo lingekuokoa.

Wala msidhani nchi hii inaogopa kila dawa ya ukoo huu. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi na maafisa wa tiba waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini ya maji kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Mgonjwa haitozwi pesa. Wangapi kati yetu wanajua hili? Mzee analia usiku kwa saratani, na watoto wake wanauza posho ili kumnunulia vidonge vya sokoni! Mwulizeni mhudumu wa kituo chenu kuhusu mofini, mwombeni na barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Arua.

Na ninyi vijana mnaobeba mizigo, mnaomeza tramadoli kila asubuhi ili mwili usichoke: msiache ghafla. Mtatoka jasho, mtaharisha, mtakosa usingizi, kisha mtairudia. Nendeni kituoni mseme mnameza ngapi, ipunguzwe kidogo kidogo.

Pakiti za dawa mlizo nazo nyumbani msizitupe. Wiki ijayo muuguzi atakuwa hapa studioni, mtapiga simu na kumsomea majina yaliyoandikwa.