Mathari Isiendeshwe kwa Faida

Hotuba kwa wanachama, Kiamaiko

Ndugu wafanyakazi,

Sisi wa Kiamaiko twajulikana kwa mbuzi. Huletwa hapa kutoka kaskazini, huhesabiwa kwa kichwa, bei hupatanwa, na jioni kila mtu ajua amepata nini na amepoteza nini. Ni kazi halali, na wengi hapa hulisha watoto wao kwa kazi hiyo. Lakini leo tumekutana kuzungumza juu ya nyumba isiyofaa kuendeshwa kwa hesabu hiyo, nayo haiko mbali na hapa. Nayo ni Hospitali ya Mathari.

Wako wasemao kwamba hospitali za serikali zimeshindwa, na dawa ni kuyapa makampuni usimamizi wake. Husema hivi: majengo yatabaki mali ya umma, ni uendeshaji tu utakaotolewa. Neno hilo, "uendeshaji tu", ndilo tunalotaka kulipima leo, kabla halijafika langoni.

Kwanza tuikumbuke nyumba yenyewe. Hapo mwanzo palikuwa mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1910 serikali ya kikoloni ikapageuza kuwa nyumba ya kuwafungia walioitwa wenye wazimu. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Leo ndiyo hospitali kubwa ya umma ya wagonjwa wa akili katika Kenya, yenye vitanda 700 hivi, na hupokea pia wanaoletwa kwa amri ya mahakama.

Hatukuja kusema kwamba mambo yote ni mema. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilieleza jinsi matibabu ya akili yalivyotupwa nyuma nchini. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari, na habari ikaenea dunia nzima. Mwenye kuficha maradhi, kifo kitamuumbua. Lakini tuulize maradhi ni yapi. Ikiwa ni upungufu wa fedha na wa watu, kampuni itaponyaje? Chungu kisicho na unga hakijai kwa kubadilisha mpishi.

Sasa tuitazame faida yenyewe. Kampuni hupewa fedha zilizopatanwa. Ili ipate faida, ni lazima itumie pungufu ya hizo. Itapunguza wapi? Hospitali ya akili haitegemei sana mashine. Inategemea watu: wauguzi, wapishi, wafua nguo, wafagizi na askari wa lango. Inategemea chakula na dawa. Basi hapo ndipo kisu kitakapopita. Auguaye mguu akitendewa vibaya atalalamika, ama atakwenda kwingine. Mgonjwa wa akili akisema amelala njaa, huambiwa ni ugonjwa wake unaosema. Tena wako waliosahauliwa na jamaa zao, hawana wa kuwauliza hali.

Ni nani basi atakayesema kwa ajili yake? Ni mfanyakazi wa zamu, aliyeona sahani na aliyeona kabati la dawa. Lakini mfanyakazi huyo akiwa kibarua wa mkandarasi, mkataba wake wa miezi mitatu, hana chama wala pensheni, je, atathubutu kufungua mdomo? Ndugu, kulinda kazi ya muuguzi na kumlinda mgonjwa ni jambo moja, si mawili.

Tutazame Afrika ya Kusini. Katika jimbo la Gauteng serikali ilikuwa ikiilipa kampuni ya Life Esidimeni iwatunze wagonjwa wa akili. Kisha wakubwa wa jimbo wakasema gharama ni kubwa, wakavunja mkataba. Mwaka 2015 na 2016 wagonjwa zaidi ya 1,000 wakahamishiwa kwa vikundi vya watu binafsi visivyokuwa na leseni halali. Wagonjwa 144 walikufa. Mwaka 2018 Jaji mstaafu Dikgang Moseneke aliamuru jamaa zao walipwe fidia. Hatusemi kampuni ndiyo iliyowaua, maana waliovunja mkataba ni watu wa serikali. Twasema hivi: binadamu akishaandikwa kama gharama ya kichwa kimoja, hupelekwa penye bei rahisi, kama mbuzi.

Hapa kwetu nako tumeonja. Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada katika hospitali zake. Maskini wengi wakaacha kwenda, na mwaka 1990 ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa kwa muda. Mlango ukiwekewa bei, asiye nacho hubaki nje.

Basi madai yetu ni haya. Uendeshaji wa Mathari ubaki mikononi mwa umma. Fedha za chakula na dawa zitangazwe wazi, ili kila mwananchi azisome. Wafanyakazi waajiriwe kwa kudumu, na wawe na sauti katika halmashauri ya hospitali. Na mkataba wowote na kampuni, hata wa kufagia, usitiwe sahihi kwa siri. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya. Haikuwatoa wagonjwa wa akili.

Nasi tunao wajibu. Mwenye ndugu Mathari aende kumwona, amwulize amekula nini. Mfanyakazi akiona upungufu, auandike na kuuleta chamani. Tusingoje mpaka kufuli la mwenye mali litiwe langoni ndipo tuulize ufunguo uko wapi.

Umoja ni nguvu.