Mashine Pepe Isiyowaka: Tuulize Imeishia Wapi



Tangu mwaka 1982 umeme wa mabwawa ya Inga husafiri kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi ukiwa mkondo mnyoofu, kisha hugeuzwa hapa kuwa mkondo geu. Taa zikizimika, fundi habomoi nyumba. Huuliza umeme umeishia wapi. Nawaomba tuulize hivyo hivyo pale mfumo wa uendeshaji unapogoma kuwaka ndani ya mashine pepe. Vijana wetu hukimbilia kufuta na kusakinisha upya, na pamoja na mfumo hufutika mishahara ya wafanyakazi au majibu ya maabara ya wagonjwa.

Haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, ikikataa kabisa kuiwasha mashine, msimlaumu mgeni, yaani mfumo ulio ndani yake; kagueni mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayoibeba. Betri ndogo ya bodi ikifa na umeme ukakatika, mipangilio hurudi ya kiwandani, na kwenye bodi nyingi uwezo wa kichakataji wa kubeba mashine pepe, ulioletwa na Intel mwaka 2005 na AMD mwaka uliofuata, huzimika. Saa ya kompyuta iliyorudi nyuma miaka mingi ni dalili nzuri ya betri hiyo kufa.

Mashine ikiwaka lakini isione diski ya kuanzia, tazameni kama mfumo uliosakinishwa kwa UEFI umewekwa chini ya BIOS. Hilo hurekebishwa upesi.

Windows ikitoa skrini ya buluu yenye msimbo 7B, au Linux ikiishia kwenye initramfs, mara nyingi mtu amehamisha mashine, tuseme kutoka VirtualBox kwenda KVM, na diski iliyokuwa ya SATA sasa ni ya virtio. Mfumo umeanza kupakiwa, ila hauna kiendeshi cha kuifikia diski yake. Rudisheni SATA, uwake, sakinisheni kiendeshi, ndipo mbadilishe.

Linalotuumiza zaidi ni jingine. Hapa Lualaba, kuanzia Kolwezi hadi Musumba kwa mfalme Mwant Yav, umeme hukatika bila kuaga. Kwa kutafuta kasi, wapo wanaochagua kashe inayopuuza amri ya kuandika diskini. Mgeni huambiwa data imeshaandikwa, kumbe ingali kwenye RAM ya mwenyeji. Umeme ukikatika wakati huo, jedwali la faili linaweza kubaki nusu jipya na nusu la zamani, na hata mfumo wa faili wenye jarida hauna kinga, kwa kuwa huenda jarida lenyewe halikufika diskini. Kwa seva ya hospitali, naona uchaguzi huo haukubaliki.

Likishatokea, msikimbilie fsck, programu ya kukarabati mfumo wa faili. Zimeni mashine, mnakili kwanza faili ya diski. Mkikuta pembeni yake faili za snapshoti, nakilini zote pamoja: ya mwisho hubeba mabadiliko tu, wala haisomeki bila zilizoitangulia. Ukaguzi na matengenezo yafanyike kwenye nakala.