Mwethya wa Mama Anayenyonyesha

Leo tuzungumze juu ya kufanya kazi pamoja na kufanya kazi peke yako. Nitamchukua mama aliyejifungua majuzi awe mfano wetu.

Kliniki tunamwambia ampe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Asipewe maji, glukosi wala uji mwepesi. Mama anaelewa vizuri. Kisha anarudi nyumbani huku Kwa Vonza, mume yuko Nairobi akitafuta riziki, kiangazi kimekaza, na maji yako kwenye visima vya mchanga mtoni. Anachukua punda na mitungi, anapanga foleni, na akirudi saa nne zimepita. Mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Je, susu aliyebaki naye afanye nini? Anampa maji kwa kijiko. Mimi simlaumu susu.

Watu husema mama kama huyo hakusikia mafundisho ya nesi. Alisikia! Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miezi 6, ni 13 tu waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 walikuwa 61, na mwaka 2022 walikuwa 60. Mafundisho yamefika mbali. Kwa maoni yangu, wengi wa akina mama waliobaki hawahitaji kuhubiriwa tena. Wanahitaji mtu wa kuwatekea maji.

Maziwa hutengenezwa kwa kadiri mtoto anavyonyonya. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana. Akikosa mara mbili au tatu kila siku, matiti hujaa, yanauma, na baadaye maziwa hupungua. Mama anasema, "Maziwa yangu hayatoshi." Uji unaanza, na kuhara kunafuata.

Sisi Wakamba tuna mwethya. Mwethya ulichimba matuta ya kuzuia udongo kwenye miteremko ya Ukambani, na mabwawa ya mchanga mengi hapa Kitui yamejengwa na wanakijiji wakibeba mawe kwa zamu. Tunakusanyika kulima shamba la mmoja wetu leo na la mwingine kesho. Mbona mama mwenye mtoto wa wiki mbili tunamwacha abebe mzigo wake peke yake?

Kikundi kimoja cha akina mama nilichokitembelea kilikuwa na sheria ya faini kwa asiyekuja kazini. Mama aliyejifungua alidaiwa faini kama mwingine yeyote. Walipoketi wakazungumza, waliamua hivi: kwa miezi 6 hatozwi faini, anatekewa mitungi miwili kwa zamu, na siku ya palizi anakaa chini ya mti na mtoto wake, akiwaangalia watoto wa wenzake na kuandika daftari la michango. Hiyo nayo ni kazi, tena wenzake walilima bila kugeuka nyuma kila mara kutazama watoto.

Siku ambayo lazima uondoke, kamua maziwa kwa mikono safi, uyaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko, mahali penye kivuli na baridi. Kwa joto letu yasipite saa 4. Susu ampe mtoto kwa kikombe, si kwa chupa ya kunyonyea, maana chupa ni ngumu kusafisha.

Lakini si kila jambo ni la kikundi. Usimnyonyeshe mtoto wa mwenzako, hata kama analia na mama yake amechelewa, kwa sababu virusi vya Ukimwi vinaweza kupita kwenye maziwa. Mama anayeishi na virusi hunyonyesha mtoto wake mwenyewe huku akimeza dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa kliniki, na hali yake ni siri yake. Kikundi kisimuulize. Pia mtoto akikataa kunyonya, akiwa na joto kali, akipumua haraka au akilegea, msikae kikao. Nendeni kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.

Tangu mwaka 2023 kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, kila mmoja akihudumia takriban nyumba 100. Mwalikeni wa kwenu kwenye mkutano wa kikundi, naye atawaambia ni nani amekaribia kujifungua, mhusika akikubali. Mkikutana wiki hii, fungueni ukurasa mpya kwenye daftari: andikeni jina la mama huyo, mwezi anaotarajia, na nani atamtekea maji Jumatatu, nani Alhamisi. Na mwenye punda mwenye nguvu ajitaje mwenyewe.