Mwenye Ulemavu na Bima ya Nyongeza Nchini Marekani



Baadhi yetu tunao jamaa waliohamia Marekani. Jambo nitakalolieleza linamhusu kila aliyepatwa na ulemavu huko kabla ya uzee.

Mwaka 1972 Bunge la nchi hiyo liliamua kwamba Medicare, bima ya serikali iliyokuwa ya wazee wa miaka 65 na zaidi, iwafikie pia walioshindwa kufanya kazi kwa ulemavu. Uamuzi huo ulikuwa mwema, ijapokuwa kwa kawaida mtu hungoja miezi 24 tangu aanze kustahili malipo ya ulemavu. Lakini Medicare hailipi yote. Kwa huduma za daktari, mara nyingi hulipa asilimia 80, na asilimia 20 humwangukia mgonjwa, bila kikomo kwa mwaka. Matibabu ya dola 50,000 humwachia deni la dola 10,000 hivi.

Pengo hilo huzibwa na bima ya nyongeza, Medigap, inayouzwa na makampuni. Hapa ndipo haki inapogawanyika. Mzee wa miaka 65 akijiandikisha, sheria ya taifa humpa miezi sita ambayo ndani yake kampuni haiwezi kumkataa wala kumtoza zaidi kwa sababu ya maradhi yake. Mwenye ulemavu wa miaka 40, aliye katika Medicare ile ile, hakupewa dhamana hiyo. Ameachiwa jimbo lake. Majimbo zaidi ya 30 yanayalazimisha makampuni kumuuzia walau aina moja, lakini baadhi huruhusu bei ya juu mno, hata ruhusa ikawa ya jina tu. New York imeamuru bei isitofautiane kwa umri wala afya. Kumbe yawezekana!

Makampuni husema wagonjwa wengi hupandisha bei kwa wote. Hoja hiyo ina ukweli, lakini wazee nao huugua, na hawakufungiwa mlango. Wengine humshauri ajiunge na Medicare Advantage, yenye kikomo cha malipo. Naam, ila mara nyingi humfunga kwa madaktari wa orodha maalumu, na huenda daktari anayemjua hayumo.

Basi mwenye jamaa huko amwandikie mapema. Kila jimbo lina huduma ya ushauri wa Medicare isiyotoza kitu. Aulize kama jimbo lake linalazimisha auziwe, kwa bei gani, na muda wa kuomba ni miezi mingapi. Muda huo ukimpita, huenda akangoja mpaka atimize miaka 65, ndipo mlango ufunguliwe tena.