Mji, Kiti na Chumvi: Kujikinga na Presha Mapema

Katika miaka ya 1980 watafiti, akiwamo daktari Neil Poulter, waliwafuatilia vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta maisha Nairobi. Walikuwa vijana wazima, wengi hawajafika hata miaka 35. Walipimwa presha walipoingia mjini, wakapimwa tena na tena hadi miaka miwili, na wenzao waliobaki kijijini wakapimwa vilevile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya wahamiaji ilikuwa imeipita ya wenzao ndani ya mwezi wa kwanza tu. Mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi na potasiamu kidogo, mapigo yao ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi, na uzito nao ulikuwa umeongezeka.

Ukoo ulikuwa uleule na umri uleule. Chakula na mwenendo wa siku ndivyo vilivyogeuka, na mwezi mmoja ulitosha kuonyesha. Mada hii inauchukulia utafiti huo kama habari njema kwa washiriki wa semina: jambo linaloletwa na mpangilio wa maisha linaweza, kwa sehemu kubwa, kuzuiwa kwa kuupanga upya.

Tanzania haiko mbali na hali hiyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliohusisha watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Wakati huo bado wengi waliyaita magonjwa ya wakubwa wenye magari.

Kinachowaponza wengi ni kungoja dalili. Mtu husema presha haimsumbui kwa sababu kichwa hakimuumi, au huamini kuwa presha ni ya wenye mawazo, naye hana deni wala kesi. Shinikizo la damu haliendi hivyo. Linaweza kukaa mwilini miaka kumi bila kubisha hodi, likiichosha mishipa, figo na moyo, na siku linapojitambulisha mtu amepooza upande mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili duniani hawajui kama wanalo.

Kwa hiyo tabia ya kwanza ya kinga ni kupima, na kupima kuna adabu yake. Mpimwaji hukaa kwanza dakika tano akiwa ametulia, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko sakafuni, miguu haikupishanishwa. Mkono huwekwa juu ya meza, usawa wa moyo, na mkanda hufungwa juu ya ngozi. Sweta na shati la mikono mirefu si mahali pake. Hapigi soga mashine inapojaza upepo. Kahawa na sigara zinapaswa kuwa zimepita nusu saa nyuma, na haja ndogo isiwe imembana. Hupimwa mara mbili, kwa kupumzika dakika moja hivi katikati. Anayefika akihema, akapimwa amesimama na kusomewa 150 kwa 95, hajaijua presha yake bado. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hapo ni suala la daktari.

Jikoni ndiko kwenye kazi kubwa zaidi. Kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu tano za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa milo yote. Hesabu hii ni rahisi kuifanyia mtihani nyumbani. Familia ya watu wazima sita ikitumia pakiti ya nusu kilo, pakiti hiyo haipaswi kwisha kabla ya siku 16, na hapo bado haijahesabiwa chumvi iliyomo kwenye mkate, vidonge vya kukolezea mchuzi na chipsi za jioni. Mama wa nyumba anayeandika kwa kalamu tarehe ya kufungua pakiti ana kipimo kizuri kuliko mahubiri mengi ya lishe.

Hakuna haja ya kula chakula kisicho na ladha. Ndimu, kitunguu swaumu, tangawizi, bizari na pilipili hufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na chumvi, na ulimi huzoea baada ya wiki chache. Chupa ya chumvi iondolewe mezani. Anayeitaka aifuate jikoni. Lakini asiikimbilie chumvi ya mawe isiyo na madini joto kwa kudhani ni ya asili na haina madhara. Inapandisha presha kama nyingine, na inaunyima mwili kinga ya goita.

Upande wa potasiamu, madini yanayosaidia kuituliza presha, nchi hizi zimejaliwa. Maharage, mchicha, kisamvu, ndizi, viazi vitamu na machungwa vinayo kwa wingi, na bei yake sokoni ni nafuu kuliko kuku wa kukaanga. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza.

Baada ya sufuria kinafuata kiti. Jerry Morris, daktari wa Uingereza, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuchunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva alikaa zamu nzima. Konda wa basi hilohilo alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli, mamia ya vidato kila siku. Matokeo yaliyotolewa katika jarida la Lancet mwaka 1953 yalionyesha kuwa madereva walipata ugonjwa wa moyo mara nyingi zaidi kuliko makonda. Wapo waliosema huenda wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo. Morris akaenda kwenye kumbukumbu za sare na kulinganisha vipimo vya suruali. Madereva kweli walikuwa na viuno vipana zaidi, lakini hata kwa wenye kiuno sawa, konda alikuwa na nafuu. Daktari mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Leo wakazi wengi wa mjini wanaishi kama yule dereva. Bodaboda imefika hadi mlangoni, na mwendo wa robo saa kutoka kituoni umegeuka nauli. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Agizo lilikuwa jema na fulana zilipendeza. Ila mwili unadai dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki, na Jumamosi moja kwa mwezi haiwezi kuzifikia. Mfanyakazi anayeshuka kituo kimoja kabla ya kwake, akatembea dakika 15 asubuhi na 15 jioni, siku tano za kazi, amemaliza deni lake bila kulipia ukumbi wa mazoezi.

Wenye mashaka kwamba mambo madogo kama haya yana nguvu wautazame utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002. Watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari waligawanywa katika makundi. Waliosaidiwa kupunguza takriban asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Hii haina maana kwamba dawa zitupwe: aliyeandikiwa vidonge vya presha anaendelea navyo hata akijisikia mzima, kwa kuwa huenda anajisikia mzima kwa sababu ya vidonge hivyo.

Na isingekuwa haki kumrundikia mtu mmoja mzigo wote. Dereva anayeingia barabarani saa kumi alfajiri na kurudi usiku hana pa kununua chakula zaidi ya banda la chipsi, na barabara nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu. Ndiyo maana mada hii inawaomba viongozi wa vyama vya madereva, saccos na ofisi waliohudhuria wafanye jambo moja kabla ya mkutano wao ujao: wanunue mashine ya presha ya mkononi, waiweke stendi au ofisini pamoja na daftari, na wamteue mtu mmoja wa kuitunza na kuwafundisha wenzake kuitumia.